Kasongo na Kabambare: Kuchaji batri ni jambo la usalama wa watu wote

KASONGO – Kila jioni, jua likianza kushuka upande wa Lualaba, meza za kuchaji telefoni zinajaa watu. Kijana mwenye meza anaita namba za jetoni, na wenye telefoni wanasogea mmoja mmoja. Wa kwanza anapata telefoni yake imejaa. Wa pili anaambiwa, "Imekataa." Wa tatu anarudishiwa telefoni yenye mgongo uliovimba, na anaambiwa batri yake ilikuwa mbaya toka mbele. Wanabishana kidogo, wanalipana, wanarudi nyumbani. Kesho ni vilevile.

Wengi wanaona hilo ni jambo dogo, la mtu na telefoni yake. Hapo ndipo kosa linaanzia. Katika miji mikubwa, batri ikiisha mtu anachomeka chaja ukutani na habari imekwisha. Huku kusini mwa Maniema, nyumba nyingi hazina waya wa SNEL. Umeme unatoka kwenye plaki ya jua, kwenye jenereta ya jirani, au kwenye batri kubwa iliyowekwa chini ya meza. Mtu anaupata kwa franka, na kwa kusubiri nusu ya siku.

Familia zilizokimbia Salamabila na vijiji vya Kabambare vinavyopakana na Fizi zinajua jambo hilo kuliko wote. Mtu anayekimbia usiku habebi kitanda. Anabeba mtoto, sufuria na telefoni. Siku zinazofuata, ni telefoni hiyo inayomwambia kama baba aliyebaki nyuma yuko hai, kama njia ya shambani imefunguka, kama ndugu wa Kindu au Kalemie ametuma pesa. Na radio ndiyo inayoleta habari za usalama, za chanjo na za ugawaji wa chakula. Klabu ya wasikilizaji ikikosa mawe ya radio, watu ishirini wanabaki na uvumi tu. Na uvumi umeshawahi kuwarudisha watu kijijini mapema mno, au kuwakimbiza tena bila sababu.

Kwa hiyo batri ya mkimbizi inapokufa, familia nzima inakatika na wenzake. Ndiyo maana kuchaji hakupaswi kuachwa kwa kila mtu na bahati yake. Kasongo na Kabambare zinahitaji kanuni chache, zilizokubaliwa na wenye meza, wauzaji wa plaki, machefu na komite za wakimbizi. Kanuni hizo si ngumu, na nyingi hazina bei. Lakini kwanza ni lazima watu waelewe kinachoharibu batri na kinachowasha moto.

Kosa la kwanza linaonekana kwenye paa. Plaki inayouzwa kwa jina la volti 12 haitoi volti 12 tu. Jua likiwa kali, na bila kitu kilichounganishwa, inaweza kufika volti 21 au 22. Batri kubwa ya volti 12 inataka kuchajiwa hadi karibu volti 14.4, kisha ipunguziwe. Waya wa kawaida wa telefoni unataka volti 5. Na ile batri nyembamba iliyo ndani ya telefoni, ya aina ya litiyumu, inapaswa kusimama karibu na volti 4.2. Kutoka 22 hadi 4.2 ni mbali sana. Kinachopunguza na kusimamisha nguvu hiyo ni kifaa kidogo kinachoitwa regulateri, pamoja na chaja nzuri. Anayechukua waya mbili za plaki na kuzigusisha moja kwa moja kwenye batri ya telefoni anafanya kama mtu anayemlisha mtoto mchanga kwa mwiko wa kupikia bugali wa harusi.

Hata hivyo, sokoni plaki nyingi zinauzwa bila regulateri. Mnunuzi anauliza bei ya plaki, analipa, anaondoka. Hakuna anayemwambia kwamba alichonunua ni nusu ya kitu. Hapo lawama haiwezi kuwa ya mnunuzi peke yake, mkulima wa Wamaza au mama aliyefika jana kutoka Lusangi. Muuzaji ndiye anayejua. Anayeuza plaki bila kusema neno juu ya regulateri anauza hatari, hata kama hakukusudia.

Kosa la pili ni la batri kubwa, zile za gari na za jua, zenye risasi na asidi ndani. Watu wanazitumia mpaka taa inazimika kabisa, kisha wanaziacha siku tatu au nne mpaka jua lirudi. Wakati wa mvua, hali hiyo inaweza kuendelea kwa majuma. Batri ya risasi iliyoachwa tupu inaota chumvi ngumu kwenye mabamba yake ya ndani, na baada ya muda chumvi hiyo haitoki tena. Batri iliyopaswa kufanya kazi miaka mitatu inakufa baada ya mwaka mmoja. Mwenye meza anasema aliuziwa batri mbaya. Mara nyingine ni kweli. Mara nyingi zaidi, ameiua yeye mwenyewe kwa kuimaliza kila siku.

Njia ya kuilinda ni kupima. Kipimo cha volti kinapatikana kwa mafundi wa radio, na meza tatu au nne zinaweza kununua kimoja kwa pamoja. Batri iliyopumzika saa chache bila kuchajiwa wala kutumiwa, ikionyesha karibu 12.7, imejaa. Ikionyesha 12.2, imebaki karibu nusu, na mwenye hekima anaacha kuitumia hapo. Ikishuka chini ya 11.8, imekwisha, na inapaswa kuchajiwa siku hiyohiyo. Zile zenye vifuniko vya kufungua zinaongezwa maji yaliyosafishwa ya batri peke yake. Maji ya kisima yana madini yanayoiharibu, na asidi mpya haiongezwi.

Batri hizo zina hatari nyingine ambayo macho hayaioni. Zinapochajiwa zinatoa hewa inayoitwa haidrojeni. Hewa hiyo haina harufu, na cheche moja inatosha kuilipua. Chumba kidogo kilichofungwa madirisha, batri iko chini ya kitanda, mtu anaingia na mshumaa kutazama kama maji yamepungua: hapo batri inaweza kupasuka na kumrushia asidi usoni. Kwa hiyo batri ya risasi inachajiwa mahali penye hewa, mbali na jiko, mbali na sigara, na mbali na mahali watoto wanapolala. Asidi ikimwagikia ngozi au jicho, dawa ya kwanza ni maji safi mengi, bila kuacha, kwa dakika 15 hadi 20, kisha kwenda kituo cha afya. Kupaka mafuta ya mawese hakusaidii, na kunachelewesha maji.

Kuna pia utaratibu wa waya ambao mafundi wazuri wanaufuata na wengine wanaudharau. Wakati wa kuunganisha, batri inatangulia kwenye regulateri, kisha plaki. Wakati wa kukata, plaki inatangulia kutoka, kisha batri. Anayegeuza utaratibu huo anaweza kuunguza regulateri, halafu watu watasema regulateri hazina maana.

Kosa la tatu liko mkononi mwa kila mtu mwenye telefoni. Kuna imani ya zamani kwamba batri lazima iachwe ife kabisa kabla ya kuchajiwa, na kwamba telefoni mpya ichajiwe usiku kucha ndipo itumike. Imani hiyo ilikuwa na sababu wakati wa batri za zamani za nikeli. Batri za litiyumu, zilizoanza kuuzwa mwaka 1991, haziko hivyo. Kuimaliza mpaka sifuri kila siku kunazichosha. Zinafurahia kukaa katikati: kuchajiwa zikibaki na moja ya tano, na kutolewa zikikaribia kujaa. Mkimbizi anayelipa kila anapochaji hawezi kufuata jambo hilo kila mara, na hakuna wa kumlaumu. Lakini ajue tu kwamba halazimiki kusubiri telefoni ife.

Adui mkubwa wa batri ya litiyumu ni joto. Na hapa Maniema, joto ndilo linalotolewa bure. Watu wanalaza telefoni juu ya bati pamoja na plaki, jua la saa sita likiwapiga wote wawili. Plaki inahitaji jua, telefoni inahitaji kivuli. Waya mrefu kidogo unatosha kuwatenganisha. Telefoni ikiwa ya moto kiasi cha kutoweza kuishika shavuni, itolewe, ipumzike. Hali ni hiyohiyo kwa telefoni thelathini zilizorundikwa katika katoni moja chini ya meza, kila moja ikiongeza joto kwa mwenzake.

Batri ikivimba, kazi yake imekwisha. Haitobolewi kwa sindano ili "kutoa hewa", haigongwi kwa nyundo, hairudishwi ndani ya telefoni kwa kufungwa na mpira. Uvimbe huo ni gesi iliyotokana na batri kuharibika, na ndani yake mna kimiminika kinachowaka. Asiyeamini akumbuke mwaka 2016, Samsung, kampuni kubwa yenye wataalamu wengi, ilipolazimika kuondoa sokoni telefoni zake za Galaxy Note 7 kwa sababu batri zilikuwa zinashika moto. Kama hilo liliwapata wao, batri ya kuiga inayouzwa bila jina haiwezi kuaminiwa zaidi.

Sasa ifikiriwe hali ya familia ya kupokea, maana wakimbizi wengi hawakai kambini, wanakaa kwa wenyeji. Nyumba ya vyumba viwili ina watu kumi na wanne. Paa ni la nyasi, na pembeni kuna kibanda cha hema la plastiki. Usiku mtoto mkubwa anachaji telefoni kwa batri kubwa, ameiweka chini ya mto ili isiibiwe. Mto unazuia joto kutoka. Waya umekatika katikati na umefungwa na plastiki ya mfuko. Nyumba kama hiyo ikishika moto, familia mbili zinapoteza kila kitu kwa usiku mmoja, na wale waliokimbia risasi wanakimbia tena kwa sababu ya telefoni. Kuchaji usiku wakati wote wamelala, ndani ya nyumba ya nyasi, ni jambo la kukataa waziwazi.

Na ikitokea? Watu watoke kwanza, watoto mbele, maana moshi wa batri ni sumu. Chaja ichomolewe kama inawezekana bila kuungua. Batri ndogo ya telefoni inayowaka inamwagiwa maji mengi ili ipoe, au inafunikwa na mchanga ili moto usiende kwenye nyasi. Lakini mahali palipo na konvertiseri inayotoa volti 220, umeme ukatwe kabla ya kumwaga maji.

Baada ya hapo linabaki swali ambalo karibu hakuna anayeliuliza: batri zilizokufa zinaenda wapi? Zinaenda nyuma ya nyumba, kwenye shimo la taka, kwenye mfereji unaoshuka kwenye chemchemi. Mawe ya radio yanatupwa popote, na watoto wanayapasua kuchezea unga wake mweusi. Wengine wanayaweka karibu na moto ili "yapate nguvu tena". Mawe hayo hayakutengenezwa kuchajiwa. Yakipata moto yanavuja au yanapasuka. Yale madogo ya duara kama kifungo ni hatari zaidi kwa watoto: yakimezwa yanaweza kuunguza koo kwa saa mbili tu, na mtoto anapaswa kupelekwa hospitali mara moja, hata kama halii.

Kwa batri za risasi, Afrika imekwisha kulipa gharama ya kujifunza. Huko Thiaroye-sur-Mer, mtaa wa wavuvi karibu na Dakar, Senegal, watu walikuwa wanafungua batri za gari na kuchekecha udongo kutafuta risasi ya kuuza. Kati ya mwisho wa 2007 na mwanzo wa 2008 watoto 18 walikufa kwa sumu ya risasi. Huko Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha batri kilifanya kazi karibu na nyumba za watu kuanzia 2007 hadi 2014. Mama mmoja aliyewahi kufanya kazi humo, Phyllis Omido, aligundua kwamba mtoto wake mwenyewe ana risasi mwilini. Aliongoza wakaaji kudai haki yao, akapewa tuzo ya mazingira ya Goldman mwaka 2015, na mwaka 2020 mahakama ya Mombasa iliamua wakaaji walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya.

Kasongo haina kiwanda kama kile. Lakini risasi haihitaji kiwanda. Moto wa makaa, sufuria ya zamani na mtu anayetaka kuyeyusha vipande vya kufunga kwenye nyavu za samaki vinatosha. Moshi unaingia kifuani mwa mwenye kufanya kazi, vumbi linakaa uani, mtoto anatambaa na kulamba vidole. Risasi haimuui mtoto kwa siku moja. Inaharibu akili yake pole pole, na mzazi anafikiri ni uvivu wa shule. Kwa hiyo hakuna sababu yoyote, hata ya njaa, inayotosha kuyeyusha batri uani kwa watu.

Kuna pia uchungu mwingine ambao wakaaji wa huku wana haki ya kuusema. Kobalti inayotiwa katika batri nyingi za telefoni inatoka Congo kuliko nchi nyingine yoyote duniani, hasa katika migodi ya Kolwezi na Likasi. Mto unaopita upande wa Kolwezi ndio huohuo Lualaba unaoshuka mpaka Kongolo, ukapita karibu na Kasongo na kwenda Kindu. Madini yanatoka katika nchi hii, yanavuka bahari, yanageuka batri, na batri mbovu kuliko zote zinarudi kuuzwa katika soko la Kasongo kwa mama aliyekimbia vita. Serikali inayosaini mikataba ya madini haiwezi kusema kwamba ubora wa batri zinazoingia nchini haiuhusu. Na Sheria namba 11/009 ya tarehe 9 Julai 2011 juu ya mazingira inasema kwamba anayechafua ndiye anayelipa. Lakini kungojea Kinshasa ni kungojea kwa muda mrefu, na moto wa nyumba ya nyasi haungojei.

Wapo watakaosema maneno haya ni ya watu walioshiba. Mkimbizi hana unga, na anaambiwa anunue regulateri? Pingamizi hilo ni la haki, na lisijibiwe kwa mahubiri. Jibu lake liko katika hesabu.

Batri moja ya volti 12 na ampea 40 kwa saa, ikitumiwa nusu tu ili isife mapema, inabeba karibu wati 240 kwa saa. Theluthi moja ikipotea kwenye waya na chaja, zinabaki 160. Telefoni kubwa yenye batri ya miliampea 4,000 inakula karibu 15. Telefoni ndogo ya vifungo yenye miliampea 1,000 inakula karibu 4. Kwa hiyo batri hiyo moja, kila siku inapojazwa vizuri, inaweza kuchaji telefoni kubwa kumi, au ndogo arobaini. Hakuna familia moja ya wakimbizi inayohitaji hivyo. Familia ishirini zikiungana na wenyeji wao, zinaweza kuwa na plaki moja nzuri, regulateri moja na batri moja inayotunzwa na mtu mmoja aliyefundishwa. Gharama ikigawanywa inakuwa ndogo kuliko kununua batri mpya kila mwaka. Maskini hasa ndiye asiyeweza kumudu batri inayokufa mapema.

Hata bila kununua kitu, kuna njia za kuokoa. Mwenye meza akipokea telefoni nyingi kati ya saa nne asubuhi na saa tisa mchana, jua lenyewe ndilo linalozichaji, na batri yake inapumzika. Akingoja jioni, kila telefoni inakula akiba. Familia yenye telefoni mbili au tatu isizipeleke zote mezani siku moja, moja ibaki nyumbani ikiwa na moto. Usiku nyingine zizimwe, moja ikae wazi kwa habari za dharura. Intaneti ifungwe wakati haitumiki, na mwanga wa kioo upunguzwe. Mahali rezo ni dhaifu, telefoni inamaliza batri kwa kutafuta rezo tu. Huko ni heri kuizima na kuiwasha kwa saa ambazo familia imekubaliana.

Basi kanuni zenyewe ziwe hivi. Mwenye meza asipokee batri iliyovimba, aweke telefoni kivulini kwa nafasi, asiunganishe plaki bila regulateri, na awe na ndoo ya mchanga karibu. Kila meza iache nafasi moja ya bure kwa telefoni ya komite ya wakimbizi au ya mkunga wa mtaa, maana hiyo ndiyo inayoita msaada kwa ajili ya wote. Muuzaji wa plaki aonyeshe regulateri kabla ya kupokea pesa, na aeleze waya ipi inatangulia. Familia ya kupokea na familia ya wakimbizi wakubaliane: hakuna kuchaji juu ya kitanda, hakuna kuchaji wote wakiwa wamelala.

Mashirika yanayogawa taa za jua nayo yana deni. Taa inaletwa na karatasi ya Kifaransa au Kiingereza, inapigwa picha, gari linaondoka. Baada ya mwaka batri ya ndani inakufa na taa inakuwa mchezo wa watoto. Saa moja ya mafundisho kwa Kiswahili, na fundi mmoja wa huku aliyeachiwa batri za kubadilisha, vingeongeza maisha ya taa hizo kuliko shehena nyingine mpya. Shirika linalokuja na taa elfu bila fundi hata mmoja liulizwe swali hilo hadharani.

Na radio za jamii, ambazo watu wanazisikiliza kwa mawe hayohayo, zinaweza kurudia kanuni hizi mara moja kwa juma, baada ya habari za usalama. Klabu za wasikilizaji zinaweza kuzijadili chini ya mwembe, wenyeji na wakimbizi pamoja, mpaka kila mtaa upate maneno yake.

Mahali pa kuanzia pako wazi: siku ya salongo. Machefu wa mitaa wanaweza kuomba kila nyumba ilete mawe yake ya zamani na batri zake zilizokufa pamoja na jembe na fagio. Zile za telefoni ziwekwe peke yake, ncha zake zikifunikwa kwa utepe au plastiki, ndani ya chombo chenye mchanga mkavu. Batri za risasi zisimamishwe wima mahali pakavu, penye paa na kufuli, zisubiri mnunuzi wa kweli atakayezipeleka kiwandani bila kuzipasua. Pesa ya kuziuza iingie katika sanduku la mtaa, na kitu cha kwanza kununuliwa kwa pesa hiyo kiwe regulateri.